Neno Mzalia kwenye Wasia wa Haidari

Alhamisi, Novemba 1995. Makanyagio, Mpanda.

Daftari, jua la leo limewaka tangu asubuhi kama lina kesi na mtu. Mawingu yapo, meusi tii, upande wa ziwani, lakini hii ni siku ya nne yananguruma na kwenda zake. Kuku wangu wamejilaza chini ya kitanda cha kamba midomo wazi. Hata jogoo, yule mhuni, leo hana habari na wake zake.

Mimi nimekaa barazani na sijamtania mtu tangu adhuhuri. Mama muuza vitumbua wa jirani amepita mara mbili kunichungulia kama ninaumwa.

Siumwi. Naogopa.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiandika hivi hivi, atakayekuokota atasema mzee Almasi alikufa akili imeshamtoka. Unanijua. Shule niliishia darasa la tatu, nikafukuzwa kwa kumpa mwalimu jina ambalo hata leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Chuoni kwa Korani sikufika mbali zaidi. Lakini kusoma najua, taratibu, kidole kikitangulia. Kwa elimu hiyo hiyo nimekuwa tarishi wa serikali hapa Mpanda miaka ishirini na miwili. Nilibeba barua za wakubwa kwenda kwa wakubwa, kwa baiskeli na kwa miguu, masika na kiangazi, na haikupotea hata moja. Zilisema nini sikujua. Tarishi hafungui bahasha.

Na jina langu unalijua: Almasi Juma Feruzi Haidari. Hilo la mwisho ndilo lenye moto.

Haidari alikuwa Mwarabu, au nusu Mwarabu, aliyekuja na misafara kutoka pwani enzi za babu zetu, akajenga boma ziwani, Kapalamsenga. Alikuwa na bunduki, na pembe, na watumwa. Hilo la watumwa kwetu halikuwa siri. Tulikuwa tunalisimulia kifua mbele, kama mtu anayesimulia ng'ombe wa baba yake. Mama alitwambia babu yetu Feruzi alizaliwa nyumbani mwa Haidari, ndani ya boma lenyewe. Hapo alinyamaza. Sisi tukamalizia wenyewe: aliyezaliwa ndani ya nyumba ni mtoto wa nyumba, kwa hiyo sisi ni Haidari. Waungwana. Nimelivaa jina hilo miaka yote kama kofia ya Idi.

Mdogo wangu Zuwena alibaki Kapalamsenga. Ni mjane, ana watoto watano na wajukuu sina hakika wangapi, maana kila nikienda nakuta mpya analia. Wote wanakula kutoka bonde moja, lile lililo nyuma ya magofu ya boma. Kuna mpunga, mihogo, na michikichi ambayo baba aliipanda mimi nikimshikia miche. Mama amezikwa humo, ng'ambo ya kijito. Kijijini Zuwena wanamwita Bibi Haidari, naye anaitika kwa shingo iliyonyooka. Akigombana na wanawake wenzake kisimani, huwaambia, "Mimi si wa kuokotwa, mimi nina ukoo ulioandikwa."

Ulioandikwa. Subiri.

Mwezi wa saba nilijiona mjanja. Karani wa mahakama, Tereza, binti wa Kifipa mwenye roho ya kunivumilia, aliniomba nimsaidie kupanga stoo ya mafaili ya zamani kwa sababu mchwa walikuwa wameanza kusoma kabla yetu. Humo nikaona karatasi imepigwa taipu, imekuwa rangi ya chai. Ulikuwa ni ukurasa wa pili wa wasia wa Haidari. Wasia wenyewe uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini enzi za Mwingereza warithi walipogombana, karani wa wakati ule akaunakili kwa herufi hizi zetu. Ukurasa wa kwanza haukuwepo. Nikapitisha kidole kwenye huo wa pili mpaka nikafika hapa:

"Na mzalia wangu Feruzi apewe kanzu mbili na jembe, wala asisumbuliwe."

Mzalia wangu! Daftari, nilirukaruka ndani ya stoo mpaka Tereza akaja mbio akidhani nimekanyaga nyoka. Mzalia. Mtu wa Bara kama mimi akilisikia neno hilo atafikiri nini? Kuzaa, kuzaliwa, mzazi, mzawa, mzalia. Mtoto wangu niliyemzaa. Imeandikwa na ina mhuri. Jioni ile nilinunua pombe nikanywa na watu ambao hata siwapendi.

Halafu nikaandika barua Tabora kwa wajukuu wa Haidari. Sikutaka kitu kikubwa, nilitaka tu wanijue. Na kidogo, nisikufiche, nilitaka waniite siku ya Idi nikale pilau ya waungwana. Niliandika hivi: "Sisi ni wazalia wa Haidari. Tuko Kapalamsenga kwenye ardhi yake, tunaitunza tangu babu yetu Feruzi, na wasia tumeuona." Nikatia sahihi majina yote manne, nikapiga na mstari chini.

Mwezi wa tisa akashuka kwenye treni Bwana Twaha. Mtu wa miaka kama hamsini, kanzu safi baada ya safari ndefu namna ile, sauti laini ya kumlaza mtoto. Alinikumbatia pale pale stesheni, mbele ya wapagazi.

"Nyie ni watu wetu," akasema.

Nikalia. Mimi, Almasi, niliyecheka kwenye mazishi ya baba mkwe. Nikamchinjia jogoo mkubwa, baba wa huyu mhuni.

Tukaenda naye Kapalamsenga. Zuwena alikuwa amefagia uwanja mpaka udongo ukang'aa. Bwana Twaha akakaa kwenye kiti, sisi tukabaki tumesimama, na wala hatukuona ajabu. Akavua viatu vyake vyenye tope, akamsogezea Zuwena kwa mguu. Zuwena akavichukua akavifuta kwa kanga yake, uso unang'aa kwa furaha, kwa sababu ndugu wa damu amefika. Mimi nikamtania, "Futa vizuri, uchumba haujafungwa." Tukacheka wote watatu. Sasa nakumbuka kwamba Bwana Twaha alicheka mwisho, na kidogo.

Akazunguka bonde lote mikono nyuma. Mpaka uko wapi? Michikichi alipanda nani? Kijito hiki hukauka? Akafika kwenye kaburi la Haidari, lile lililojengewa mawe, akaomba dua. Kisha akauliza, "Na watu wetu wanazikwa wapi?"

Zuwena akaonyesha ng'ambo ya kijito. Babu yuko kule, na baba, na mama. Bwana Twaha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuta mbuzi wake wote wamo zizini.

Maisha yangu yote sijawahi kujiuliza kwa nini Haidari yuko upande huu na sisi upande ule.

Wiki iliyopita ikaja barua ya baraza la kijiji la Kapalamsenga. Bwana Twaha amedai bonde. Anasema ni milki ya babu yake Haidari, na sisi ni watunzaji tu, kwa hiyo tuondoke baada ya mavuno. Ushahidi wake ni mmoja. Ni barua yangu. Yenye majina manne na mstari chini.

Zuwena alinitumia salamu kwa dereva wa lori: "Mwambie kaka asiwe na wasiwasi. Huyu anadhani sisi ni watunzaji, hajui kama sisi ni warithi. Kaka aje na wasia tu." Baraza ni Jumamosi.

Ndiyo maana leo saa mbili nilikuwa stoo ya mahakama na Tereza, tukitafuta ukurasa wa kwanza. Tulifungua mafaili hadi kucha zikawa nyeusi. Tereza ndiye aliyeuona, umebandikwa kwenye kesi nyingine kabisa, ya mtu aliyeng'atwa na mbwa. Akanipa akaenda kunawa. Nikakaa juu ya ndoo, kidole kikatangulia.

Nakuandikia kama ulivyo, maana nimeshaukariri.

"Mali yangu ni hii: bunduki nne, na pembe tisa, na sufuria mbili za shaba, na punda wawili, na watu wanne, nao ni Mabruki wa kununuliwa, na Heri wa kununuliwa, na Sikujua, na mwanawe Feruzi mzalia, ama bonde la Kapalamsenga nilimalo si mali yangu, nalima kwa idhini ya wenyewe Wabende."

Nilisoma mara ya kwanza nikashangilia. Bonde si lake, ni la Wabende, wenyeji wa ziwani! Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, kaburini hawezi kukana. Bwana Twaha na sauti yake laini arudi Tabora na treni ya kwanza.

Nikasoma mara ya pili, na kidole kikakataa kusogea.

Punda wawili. Na watu wanne.

Nikaunakili mstari ule kwenye pakiti ya sigara, nikamwachia Tereza karatasi yake, nikaenda kwa Maalim Kombo. Maalim ni mtu wa pwani, alikuja Mpanda ujanani na hajawahi kutuzoea. Anafundisha watoto Korani hapa Makanyagio, na ananitania mimi, na mimi namtania yeye, imekuwa kama dini yetu ya pili. Mimi Mwislamu wa Idi na mazishi tu. Kila siku nikipita kwake namwambia, "Nyie wa pwani wote ni wajukuu wa watumwa wetu." Anacheka mpaka anashika ukuta. Nimemwambia hivyo miaka mingapi, daftari? Wewe huna kurasa za kutosha.

"Karibu, Mwarabu wa Makanyagio," akasema. "Mbona leo umevaa uso wa mtu mwingine?"

"Maalim, mzalia maana yake nini?"

"Neno la zamani hilo. Umelitoa wapi? Unaniuliza mimi tena, si nyie ndio mliokuwa na watumwa?" Akacheka. Nikampa ile pakiti ya sigara. Akasoma. Akaacha kucheka.

"Nijibu, Maalim. Si mtoto wa bwana?"

"Almasi, angekuwa mtoto wa bwana angeandikwa mwanangu. Angerithi. Huyu kaandikwa baada ya punda." Alisema polepole, kama anavyowasomesha watoto. "Wa kununuliwa ni yule aliyeletwa. Mzalia ni mtumwa aliyezaliwa humo humo kwa bwana wake. Mama yake mtumwa, naye mtumwa."

Nikaangalia vidole vya miguu yangu. Vilikuwa vile vile.

"Na mtu akikwambia, nyie ni watu wetu?"

"Nani kakwambia?"

"Yule wa Tabora."

Maalim akanirudishia pakiti kwa mikono miwili. "Zamani bwana mwenye adabu hakusema mtumwa wangu mbele ya wageni. Alisema mtu wangu." Kisha akaita ndani niletewe maji, akaniambia, "Kaa kwanza, ndugu yangu."

Ndugu yangu. Miaka yote hii hajawahi kuniita hivyo. Nilitamani anitukane.

Sasa nifanye hesabu ya kitoto, ya darasa la tatu. Bibi mzaa babu yangu alikuwa anaitwa Sikujua. Hakuna aliyewahi kunitajia jina lake, na leo nimelikuta kwenye orodha, kati ya Heri na mwanawe. Sijui alitoka wapi, wala alilia lugha gani. Wallahi, mama yule alipewa jina letu sote.

Na Feruzi ni kito. Na Almasi ni kito. Watoto tulikuwa tunaringa kwa majina hayo, tukiwacheka wenzetu walioitwa majina ya njaa na mvua. Mtu huvipa majina ya vito vitu anavyomiliki. Sikujua.

Lakini hilo silo lililonikaa kooni. Babu kuwa mtumwa si kosa la babu. Sasa naandika lile ambalo sijawahi kuliandika humu, na ningekuwa na kitabu kingine kibaya zaidi ningeliandika huko.

Zuwena alipokuwa msichana alipendwa na Idi Mabruki. Kijana mrefu, fundi wa nyavu, mkimya. Na Zuwena alimpenda. Hata mbwa wa kijiji walijua. Baba alikuwa ameshakufa, kwa hiyo mshenga alikuja kwangu mimi kaka. Alikuja na jembe jipya na heshima zote. Nami mbele za watu, na Idi amesimama nje ya ua anasikia, nikasema, "Huyu ni mjukuu wa Mabruki wa kununuliwa. Haidari hawaozi kwa watu wao."

Watu walicheka. Nilikuwa nachekesha sana siku zile.

Zuwena alilia mwezi mzima, kisha akaacha, kisha akaanza kuamini. Hilo ndilo baya. Aliamini ili maumivu yake yawe na maana. Nikamwoza kwa mtu mwingine ambaye hakumfanyia wema wowote, akafa. Uungwana ndicho kitu pekee nilichomwachia badala ya Idi.

Na Idi Mabruki bado yuko hai. Jicho moja limeingia mtoto wa jicho. Ananiita Bwana Haidari kila nikienda, bila tabasamu, bila hasira. Na ni mjumbe wa baraza la kijiji.

Jumamosi karatasi ile itasomwa mbele yake. Mabruki wa kununuliwa, na Heri wa kununuliwa, na Sikujua, na mwanawe Feruzi mzalia. Mstari mmoja. Walilala kibanda kimoja, babu yake na babu yangu. Pengine walikula sahani moja.

Na Zuwena atakuwa amekaa mbele kabisa, kanga mpya, shingo imenyooka.

Unajua nilifikiria nini nikirudi mahakamani? Unanijua, ujanja haujaniisha. Nilifikiria kusoma nusu. Nianzie kwenye "ama bonde", niruke punda na watu. Lakini Bwana Twaha ataomba asome mwenyewe, na atasoma kwa sauti ile, tena taratibu, na akifika kwa Feruzi ataninyooshea mkono. Nikafikiria kuikunja karatasi, kuikata kwa wembe. Haikatiki. Haidari alimweka babu na bonde kwenye sentensi moja, akatenganisha kwa mkato tu.

Bonde halikuwa lake. Babu alikuwa wake.

Nilipofika Tereza alikuwa na foleni ya watu mlangoni. Akaniambia, "Babu, ingia stoo, karatasi iko juu ya meza, nakuja." Nikaingia. Ilikuwa pale, peke yake, rangi ya chai. Na pembeni yake lile boksi la mafaili yaliyoliwa na mchwa, lililosubiri kuchomwa. Ukitia mkono unatoka na unga.

Ningeisukuma tu kwa kidole. Hakuna ambaye angejua. Ningekwenda Kapalamsenga nikasema wasia umeliwa na mchwa. Bwana Twaha angeshinda bonde, sisi tungebaki na jina. Pengine angetuachia kona ya kulima, sisi ni watu wake. Zuwena angekufa akiwa Bibi Haidari, asijue kitu, asijue hata mimi nilimfanya nini. Na makaburi ng'ambo ya kijito yangekuwa ya Bwana Twaha.

Radi ikapiga karibu sana, bati likatetemeka. Mvua haikuja. Mkono wangu ulikuwa juu ya karatasi, na sikumbuki niliuweka saa ngapi.

Tereza akaingia, amebeba bahasha ya kaki na kile kitabu kikubwa cha barua. Kile kile, ama ndugu yake. Miaka ishirini na miwili nilikibeba kwapani nikiwaambia watu, "Weka sahihi hapa, mzee, weka sahihi hapa, mama." Akaitia karatasi kwenye bahasha, akaifunga, akaigonga mhuri kwenye mdomo, akaandika juu: Mwenyekiti wa Baraza, Kapalamsenga.

"Siwezi kukupa mkononi bure bure," akasema. "Ni mali ya mahakama. Lakini nimeona, kwa nini tutafute tarishi na tarishi yupo? Sasa ni zamu yako kuweka sahihi."

Akacheka. Binti wa watu hajui. Akanisukumia kalamu.

Nikaandika Almasi. Nikaandika Juma. Nikaandika Feruzi. Mkono ukasimama. Nafasi ilikuwepo, ya kutosha, na mstari chini ningeweza kuupiga.

"Babu, hujamaliza jina," Tereza akasema.

"Nimemaliza."

Akaniangalia, akafunga kitabu.

Sasa bahasha iko hapa, kwenye mapaja, chini yako. Haijawahi kupotea barua mkononi mwangu, na hii ndiyo ya kwanza ambayo najua imebeba nini. Lori lililoleta dagaa linarudi ziwani kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshaongea na dereva.

Na mwingine ameshaongea naye pia. Nusu saa iliyopita Bwana Twaha alipita hapa barabarani, ametoka nyumba ya wageni, mikono nyuma. Akasimama. Akaiangalia bahasha, kisha uso wangu, kisha bahasha.

"Kesho tunapanda pamoja," akasema. "Utanishikia nafasi ya mbele kwa dereva, eh, mtu wangu?"

Nilikuwa na majibu sita, daftari, matatu ya matusi. Sikutoa hata moja. Nilimwambia, "Nafasi ya mbele ni ya anayewahi." Akatabasamu, akaenda zake, na kuku wangu wakamwachia njia.

Basi nimeamua hivi. Jumamosi sitamwachia mtu asome. Nitasimama mimi, kidole kitatangulia, nitasoma kuanzia bunduki mpaka Wabende, bila kuruka punda. Na nikifika kwa Mabruki nitasimama kidogo nimwangalie Idi kwenye lile jicho linaloona.

Lakini kabla ya Jumamosi ipo kesho. Kesho jioni Zuwena atakuwa ameniwekea samaki wa ziwani, mgebuka, kwenye majani, na ugali wa muhogo, na maji ya kunawa. Atakaa karibu, atapunguza sauti watoto wasisikie, ataniuliza, "Kaka, umekuja na wasia wetu?"

Nimekaa hapa tangu saa tisa nikijaribu kumjibu kwa sauti. Mama muuza vitumbua kapita mara ya tatu. Nimejaribu kuanza na bonde, nikajaribu kuanza na bibi yetu Sikujua, nikajaribu kuanza na lile jembe jipya la mshenga nililolirudisha watu wakicheka.

Nianze na neno gani?